Tajiri Akivuka Mokowe: Kujenga Desturi za Kazi kwenye Biashara Ndogo ya Lamu

Mwenye nyumba ya wageni mtaani Mkomani, mjini Lamu, anapanda boti saa mbili asubuhi kwenda Mokowe, ng'ambo ya kisiwa, kushughulikia karatasi za kaunti. Akirudi ni alasiri. Katika saa hizo mgeni mmoja ameingia kuulizia chumba, glasi mbili zimevunjika, fundi wa pampu amekuja kudai pesa zake, na kijana wa boti ameleta kamisheni ya safari ya jana. Bei aliyotajiwa yule mgeni, mahali zilipokwenda zile glasi, na mfuko ulioingia ile kamisheni: hizo ndizo desturi za kazi za nyumba hiyo. Kibao cha mapokezi kinachosema mgeni ni mfalme hakihusiki.

Biashara ya watu watano hadi kumi na tano ina jambo moja ambalo kampuni kubwa haina. Kila anayeingia anaigeuza nyumba nzima, kwa kuwa mmoja kati ya wanane ni thumni ya tabia ya mahali. Basi kazi inaanzia kwenye kuandika watu kazi, kisha inaendelea kwa yale ambayo tajiri mwenyewe, yaani mwenye biashara, anayafanya mbele ya macho yao. Mifano mingi hapa ni ya nyumba ya wageni, lakini mkahawa wa mtaa wa Langoni, karakana ya seremala na duka la jumla wana maradhi yale yale.

Karatasi moja kwanza

"Uaminifu", "bidii" na "ukarimu" ni maneno mazuri yasiyomwambia mtu afanye nini saa tisa mchana. Andika vitendo. Mambo manne au matano yanatosha, kila moja liwe ni kitu ambacho mtu wa pembeni anaweza kuona kimefanyika au hakikufanyika. Kwa nyumba ya wageni yanaweza kuwa haya:

Bei ni ile iliyo kwenye karatasi ya mapokezi. Wanaoweza kupunguza ni wawili tu, na majina yao yameandikwa.
Kitu kikivunjika au kikipotea, kinaingia daftarini kabla zamu haijaisha.
Anayechelewa au asiyekuja anapiga simu mwenyewe, hamtumi mtu, angalau saa moja kabla ya zamu.
Pesa yoyote iliyotoka kwa mgeni au kwa wa boti inaandikwa siku hiyo hiyo.
Habari ya mgeni haitoki nje ya mlango: kalala na nani, kanywa nini, kalipa nini.

Hilo la mwisho lina uzito wake katika mji ambao habari hufika Shela kabla ya mwenyewe.

Usiyatoe masharti haya kichwani. Kaa na watu wako wawili wa zamani, mkumbuke ugomvi au hasara kumi za mwisho, kisha mwangalie ni zipi zilizojirudia. Utakuta karibu zote zinatoka kwenye mizizi mitatu au minne, na masharti yako yatoke hapo. Ukiandika kumi na tano, watu watashika yale yaliyo mepesi, na wewe mwenyewe utasahau nusu.

Halafu kila sharti lipite kwenye kipimo kimoja: je, wewe utalishika? Hapa ndipo biashara nyingi zinapoanguka. Tajiri anachukua mia tano kwenye droo kununua samaki wa nyumbani, "nitarudisha". Kesho elfu moja ya karo. Karani anaona, mpishi anaona, na hakuna anayesema neno. Ikifika mwezi wa tatu droo ina mikono sita, na kila mkono una sababu yake nzuri. Dawa yake ni chungu lakini ni fupi. Jilipe mshahara, hata kama ni mdogo, siku ile ile wanayolipwa wengine. Na ukihitaji pesa katikati ya mwezi, jaza karatasi na utie sahihi kama wao. Tajiri asiyeweza hili asijisumbue na mengine yote yaliyo hapa chini, wala asilaumu vijana wa siku hizi.

Nafasi, jamaa na mdhamini

Lamu nafasi ya kazi haihitaji tangazo. Mwambie mpishi asubuhi kwamba unatafuta mtu wa usafi, na baada ya sala ya Isha kuna ami wa mtu anakungoja barazani. Si jambo baya. Ami huyo anaweka jina lake rehani, na dhamana ya namna hiyo inashinda barua tatu za sifa. Ubaya unaanza pale mazungumzo yanapokuwa kati yako na ami, na kijana mwenyewe amekaa kando kama mzigo unaongoja kupakiwa.

Kwa hiyo andika nafasi kwenye ukurasa mmoja kabla hujamwambia yeyote: kazi zenyewe, siku na saa, mshahara kwa shilingi, nani atamsimamia, ujuzi gani lazima aje nao na upi atafundishwa hapo. Ukurasa huo utakuzuia kuongeza kazi kila unapoona mtu aliye tayari, na kushusha mshahara kwa sababu aliyekuja ana shida. Wawili wakifanya kazi moja kwa mishahara miwili kwa kuwa mmoja alijua kubembeleza, wote watajua kabla ya Ijumaa.

Ami mpokee kwa heshima yake, mpe kahawa, kisha useme mapema: "Ami, nashukuru kwa kumleta. Nitampima kama ninavyowapima wengine. Akipata kazi kisha akakosea, nitasema naye mwenyewe. Na wewe ukisikia malalamiko yake, mrudishe kwangu." Maneno haya siku ya kwanza ni adabu. Yakisemwa mwezi wa nne, kijana akiwa amekwisha kukosea, ni matusi kwa ukoo mzima.

Jamaa zako mwenyewe ni shauri jingine. Biashara nyingi za pwani zimesimama kwa jamaa, na kumwambia mtu asiandike jamaa ni kumwambia asifungue mlango. Weka mipaka tu. Mahojiano yafanywe na asiye wa ukoo. Msimamizi wake awe asiye wa ukoo, na apewe ruhusa mbele ya wote ya kumwandikia onyo. Jamaa wawili wasikamate pesa na hesabu ya pesa hiyo hiyo, mmoja kwenye droo na mwingine kwenye daftari. Mpwa mvivu peke yake havunji nyumba. Wanaoivunja ni wale saba wengine waliomwona akichelewa mara nne bila neno, wakajua kwamba ile karatasi ya masharti ni ya watoto wa watu.

Dakika arobaini za mahojiano

Wakae wawili upande wa kuuliza: wewe, na mmoja atakayefanya kazi na mwombaji huyo kila siku. Maswali matano, yale yale kwa kila anayekuja. Kila jibu lipewe alama 1 hadi 3, na kila mmoja aandike zake kabla hamjazungumza. Mkizungumza kwanza, mfanyakazi wako atakubaliana na wewe, na utakuwa umejihoji mwenyewe.

Swali la "wewe ni mwaminifu?" liache, hakuna aliyewahi kujibu la. Uliza yaliyokwisha kutokea. "Nieleze mara ya mwisho ulipoharibu kitu cha kazini. Ulimwambia nani, na baada ya muda gani?" Anayepata 3 atakutajia kitu, mtu na wakati. Anayesema hajawahi kuharibu kitu maishani mpe 1, kwa sababu ama hajafanya kazi ama ameificha. Swali jingine: "Mgeni anasema simu yake imepotea chumbani, na ni wewe uliyefagia. Unaanza wapi?" Jibu zuri linaanza na kumwita msimamizi na kutoingia chumbani peke yake tena. Jibu linaloanza na viapo halitoshi, hata kama mtu mwenyewe ni mkweli, maana siku ya siku mgeni hatataka viapo. La tatu: "Mwenzako kafika saa mbili, anakuomba umwandikie saa moja. Na unadaiwa naye shilingi mia tano." La nne ni kuhusu kazi aliyoiacha na siku yake ya mwisho ilivyokuwa: aliaga, au alizima simu? La tano liwe la ufundi wa kazi yenyewe.

Tahadhari moja, hasa kwa tajiri aliyesomea hoteli nje ya pwani. Kijana aliyelelewa vizuri hapa hukaa mbele ya mkubwa akiwa ameinamisha macho na kujibu kwa maneno machache. Ni malezi yake, wala si dalili ya kukosa akili au kuficha jambo. Ukitaka kumsikia, mwache yule mfanyakazi wako amzungushe jengo kwa dakika kumi kabla ya maswali.

Baada ya mahojiano, nusu siku ya majaribio, na ilipwe. Anayepimwa bure anajifunza kwamba hapa jasho la mtu halina bei, na hilo ndilo somo lake la kwanza. Mtu wa usafi mpe chumba kimoja chenye kasoro tatu ulizoziweka: balbu iliyolegea, bomba linalodondosha, chandarua chenye tundu. Hesabu ni ngapi atakazokwambia, na usihesabu kasi. Wa mapokezi mpe mauzo kumi na mawili kwenye karatasi, moja likiwa limerudishwa pesa, afunge hesabu. Baharia wa boti la matembezi mwache aandae chombo, uone kama atahesabu jaketi za kuokolea maisha bila kuambiwa. Wako wanaoacha noti ya mia mbili chini ya godoro ili kupima uaminifu, usifanye hivyo. Mtego utajulikana siku hiyo hiyo, na tangu hapo kila noti itakayookotwa nyumbani mwako itashukiwa kuwa ni mtego.

Kwa tajiri wa zamani wa kijana huyo piga simu, au nenda ukamwone. Kisiwani watu hawasemani vibaya kirahisi, kesho mtakutana arusini, kwa hivyo usiulize "ni mtu mzuri?" Uliza ya hesabu: alianza lini, aliondoka lini, alishika pesa kiasi gani kwa siku, alipougua nani alipiga simu. Mwisho uliza, "Nafasi ikitokea ungemrudisha?" Kisha nyamaza. Ukimya kabla ya "ndiyo" una habari nyingi kuliko hiyo ndiyo.

Kibarua wa miaka mitatu

Watu wengi wanaopika, wanaofua na wanaobeba mizigo katika biashara ndogo huitwa vibarua hata baada ya miaka. Tajiri huona anaokoa. Anachonunua kwa hakika ni mtu ambaye hana sababu ya kukwambia kwamba paa linavuja. Na sheria haiko upande wake. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kawaida, hata kama hamkuandikiana. Mkataba wa miezi mitatu na zaidi lazima uwe wa maandishi.

Andika basi kurasa mbili za Kiswahili kinachosomeka. Muda wa majaribio usizidi miezi sita. Unaweza kuongezwa kwa makubaliano, na katika muda huo kila upande unaweza kuachana na mwenzake kwa notisi ya siku saba. Siku moja ya mapumziko katika kila saba. Likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili. Ugonjwa, baada ya miezi miwili ya kazi: siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Makato yaonekane kwenye karatasi ya mshahara: NSSF, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5 kutoka kwake na wewe ukiongeza 1.5 yako. Yalipwe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi aliyekwenda hospitali akaambiwa michango haijalipwa ilhali kila mwezi anakatwa hatakuamini tena kwa lolote, na wenzake wote watapata habari.

Sasa suala la sahani. Kukata mshahara kwa kila chombo kilichovunjika ni mazoea ya jikoni nyingi. Kwanza, sheria inaruhusu kumkata mtu kiasi cha haki kwa hasara aliyoisababisha kwa makusudi. Sahani iliyoteleza mkononi wakati wa kuosha haimo. Upungufu wa pesa ni mlango tofauti: unaweza kukatwa kwa uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Pili, na hili ndilo kubwa, ukikata watu kwa sahani utapata jiko lisilovunja sahani kamwe, kwenye daftari. Vipande vitakwenda baharini usiku, na siku ya wageni ishirini utagundua una sahani kumi na nne. Weka fungu la vyombo kwenye bajeti ya mwezi, mtu aandike bila kuulizwa kwa ukali, na ukiona jina moja limejirudia mara sita, nenda ukatazame sinki. Mara nyingi ni meza iliyo mbali au taa mbovu.

Siku ya kwanza, ya saba, ya thelathini

Anayemfundisha mfanyakazi mpya ndiye anayemrithisha desturi. Kwa kawaida huachwa kwa yeyote aliye na nafasi, na mwenye nafasi mara nyingi ni yule aliyechoka na kazi. Atamfundisha njia za mkato zote kabla ya chai ya saa nne. Chagua mfundishaji mmoja kwa vitendo vyake, si kwa miaka yake, umwongezee kitu kidogo kwa kazi hiyo, na umpunguzie zamu mbili za wiki ile.

Siku ya kwanza asishike kazi mpaka adhuhuri. Azungushwe, aone daftari la uharibifu na asome kurasa zake tatu za mwisho, ajue siku ya mshahara, mahali pa kuswalia, mahali pa kuweka mkoba wake. Chakula cha mchana ale sinia moja na wenzake. Tajiri naye akae hapo siku hiyo, ale kile kile. Siku ya saba mkae dakika kumi na tano, na swali moja linatosha: "Ni jambo gani hapa umeona linafanywa tofauti na ulivyoambiwa?" Hutapata jibu bora kuliko hilo mwaka mzima, maana baada ya mwezi macho yake yatakuwa yameshazoea. Lakini usilikimbilie. Ukimgombeza mtu jioni hiyo hiyo kwa alichokisema huyo mpya, umemchongea, naye hatasema tena.

Siku ya thelathini mpitie masharti yale matano moja moja na mifano. Siku ya themanini uamue. Usingoje miezi sita ipite kwa kuona haya, kwa sababu anayebaki kwa haya yako ndiye atakayewafundisha watakaokuja.

Asubuhi, Ijumaa, Ramadhani na msiba

Kila asubuhi dakika kumi, wamesimama, mahali pamoja, saa ile ile. Nani anaingia na nani anatoka leo, kitu gani kimeharibika tangu jana, nani anahitaji msaada. Daftari linasomwa kwa sauti. Kuwe na mzungumzaji tofauti kila wiki. Msichana wa dobi akiongoza kikao wiki moja utajua mambo ya maji na mashuka ambayo hujawahi kuyasikia. Mkutano ukipita dakika kumi na tano, watu wataanza kuukwepa, na watakuwa na haki.

Mambo ya dini na jamii yaandikwe kwenye ratiba mapema, yasiwe hisani ya tajiri. Ijumaa, kutoka saa sita na robo mpaka saa nane kasorobo, wanaume Waislamu wana nafasi ya kwenda msikitini, na majina ya wanaobaki yanajulikana tangu Jumamosi iliyopita. Wanaobaki, wengi wao kutoka Mpeketoni, Witu au bara, wanapata Jumapili asubuhi yao kwa utaratibu huo huo. Yakiachwa kuombwa kila wiki, wenye haya hawaombi na wenye sauti wanaomba mara mbili.

Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo angalia kama itagongana na msimu wa wageni. Wiki mbili kabla ya mwezi panga zamu: wanaofunga waondoke saa kumi ili wawahi futari nyumbani, au wafuturu kazini kwa chakula cha nyumba kama wana zamu ya usiku. Mpishi aliyefunga huepuka kuonja mchana, kwa hiyo vipimo vyote viandikwe Shaabani: mchele vikombe viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai, na kadhalika kwa kila sufuria. Karatasi hiyo itakufaa hata baada ya Idi, siku mpishi atakapougua.

Msiba haungoji ratiba. Hapa maiti huzikwa haraka, mara nyingi siku ile ile, na mtu asiyeruhusiwa kwenda atakwenda tu, akiwa mwizi wa saa zako. Sheria ya ajira haikuwekei idadi ya siku, basi iweke wewe: kwa mzazi, mume, mke, mtoto au ndugu wa tumbo moja, siku tatu zenye malipo, kwa jamaa na majirani, kwenda kuswalia na kuzika kisha kurudi. Anayeondoka anamwambia mtu mmoja tu aliyepangwa. Na tajiri naye akaonekane mazikoni.

Bakshishi na adivansi

Hakuna kinachogombanisha nyumba ya wageni kama bakshishi. Mgeni anampa aliyembebea begi mpaka gatini. Aliyempikia siku tano na aliyemfulia hawaoni kitu. Weka sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtu wa jikoni na mwingine kwa mtu wa vyumbani, lifunguliwe kila Jumamosi mbele ya wote na kugawiwa kwa saa za kazi. Tuseme limetoka shilingi 14,400. Watu sita wamefanya saa 48 kila mmoja na watatu saa 24: jumla saa 360, kila saa shilingi 40. Wale sita wanapata 1,920 kila mmoja, wale watatu 960. Tajiri hana fungu, wala jamaa yake asiyefanya zamu. Atakayekutwa ameficha ya kwake, mara ya kwanza anakosa mgao wa wiki. Kamisheni ya boti na ya duka la vinyago iingie sanduku hilo hilo, la sivyo wageni wako watapelekwa kwa nahodha anayelipa zaidi, hata kama tanga lake limechanika.

Adivansi iwe na kanuni moja kwa wote: mara moja kwa mwezi, baada ya tarehe 15, isizidi theluthi ya mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi. Dharura ya hospitali iwe na mlango wake. Bila kanuni utageuka benki ya wenye maneno matamu.

Kukosoa bila mafumbo

Pwani tuna ustadi wa kusema bila kutaja. Kanga inasema, kijembe kinasema, na tajiri naye anaandika kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku: "Kuna watu wanaona kazi ni yao na riziki ni ya wengine." Watu tisa hawalali, kila mmoja akijihesabu. Aliyelengwa amelala zamani. Mafumbo yaachwe arusini. Kosa lisemwe siku hiyo hiyo, faraghani, kwa jina lake: "Leo umeandika saa moja, umefika saa mbili kasorobo. Kuna nini?" Sikiliza kwanza. Kisha sema unachotaka kuona kesho. Mbele ya mgeni au mbele ya mdogo wake kazini usimkosoe mtu kabisa. Aliyeaibishwa hadharani hujitetea hadharani.

Likijirudia, onyo la maandishi, kisha la pili, kila moja likiwa na tarehe, kosa na sahihi zenu. Likifika kwenye kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakutaka umweleze mtu sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazi aliyemchagua mwenyewe, na uwasikilize wote wawili kabla ya kuamua. Hili halihusu kampuni kubwa tu. Akiondoka, mpe stahili zake zote na cheti cha utumishi, hata kama mmegombana. Waliobaki wanatazama unavyomtoa mtu kuliko wanavyotazama unavyomwingiza.

Mwezi wa Mei

Desemba watu wanashikana kwa sababu kuna kazi na bakshishi. Masika ikifika, kusi ikichafua bahari na vyumba vikabaki vitupu, ndipo wanapojua thamani yao kwako. Anza mazungumzo Machi, daftari likiwa mezani: vyumba vilivyowekwa nafasi, gharama za mwezi, pesa iliyopo. Likizo za mwaka zipangwe Mei na Juni. Watakaobaki wapige chokaa, watengeneze magodoro, wapake mafuta milango, wajifunze hesabu au Kiitaliano. Kama hiyo haitoshi, siku za kazi zipunguzwe kwa makubaliano ya maandishi, kiwango kimoja kwa wote, na wewe ukiwemo. Kupunguza watu kabisa kuwe kwa mwisho, na kuna utaratibu wake: notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka alioutumikia, na kuchagua kwa kuangalia ukongwe, ujuzi na kutegemeka kwa mtu. Ukiwaondoa wa Mpeketoni ukabakisha wa nyumbani, Desemba utaandika watu wapya na kuanza upya kwenye ukurasa wa kwanza.

Kila mwisho wa mwezi hesabu vitu vitatu: uharibifu ulioandikwa, simu za kuchelewa zilizopigwa na mwenyewe, na walioondoka kabla ya siku tisini. Miezi miwili ya mwanzo uharibifu kwenye daftari utapanda. Usishtuke, vitu havivunjiki zaidi, vinasemwa zaidi. Mwezi wa nne au wa tano tangu uanze, panda boti uvuke asubuhi, simu uiache nyumbani. Ukirudi jioni usimwulize mtu. Fungua daftari usome: bei ya mgeni aliyeingia, glasi, fundi wa pampu, kamisheni.